Maswali ya Wasomaji: Turbo na Supachaja kwenye Gari la Kila Siku

Barua tulizochagua toleo hili ni tano, zote za watu wenye magari yenye nguvu wanayoendea kazini na safarini, na wote wanataka hewa zaidi iingie kwenye injini, kwa turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi) au kwa supachaja (inayozungushwa na mkanda wa injini). Kabla ya majibu tukubaliane kipimo kimoja. Tukisema busti, ni presha iliyozidi hewa ya nje, ile unayoisoma kwenye geji. Tukisema presha kamili, tumejumlisha na hewa ya nje yenyewe. Anayechanganya hivi viwili huharibu injini, na barua ya kwanza inaonyesha kwa nini.

Altezza ya Rongai inayoshuka Mombasa

*Ndugu mafundi, salaam. Nina Toyota Altezza RS200 ya gia sita, ya mwaka 1999, injini 3S-GE ya BEAMS. Nakaa Rongai, kila siku naiendea kazini Westlands, na mara tatu kwa mwaka nashuka Mombasa kuwaona wazazi. Nataka kufunga turbo bila kufungua injini. Niweke busti kiasi gani, na ninunue nini kwanza?* — Msomaji, Ongata Rongai

Ndugu yetu, inawezekana, ila kwa pistoni hizo za kiwandani usivuke bar 0.35. Na turbo yenyewe ndiyo iwe karibu kitu cha mwisho kununua.

Injini yako ina uwiano wa kompresheni wa 11.5 kwa 1, yaani pistoni huibana hewa hadi sehemu moja ya 11.5 ya nafasi yake. Toyota iliipangia petroli ya haioku ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kustahimili noki) 100 hivi. Petroli ya kawaida ya Kenya ni oktani 93. Maana yake ni kwamba hata leo, kabla ya turbo, kompyuta ya gari lako inarudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma kila sensa ya noki inaposikia kugonga. Noki ni mchanganyiko wa hewa na petroli unaojiwakia wenyewe pembeni mwa silinda kabla mwali wa plagi haujaufikia. Joto, presha na oktani ndogo vikikutana, noki haikwepeki. Turbo inaongeza joto na presha kwa pamoja.

Sasa tazama mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya karibu bar 0.83. Mombasa ni bar 1.01. Kwa hiyo injini yako yenye nguvu ya farasi 210 kwenye karatasi, Nairobi inatoa kama 170. Busti ya kwanza ya bar 0.18 inalipa tu deni la mwinuko: inakurudishia hewa ambayo gari lingeipata pwani bila turbo. Bar 0.35 Nairobi ni presha kamili ya 1.18, yaani asilimia 17 hivi juu ya injini ya kawaida iliyo ufukweni. Ukitoa hasara ya joto na ya ekzosi iliyobanwa, utapata farasi 225 hadi 235. Kwa gari lililokuwa na 170, utahisi.

Hatari iko kwenye safari ya wazazi. Springi ya westigeti, vali inayoweka kikomo cha busti, inajua busti peke yake, haijui presha kamili. Bar 0.35 ile ile ukifika Mombasa ni presha kamili ya 1.36. Silinda inapokea hewa zaidi kwa asilimia 15 kuliko ulivyozoea, joto la nje limepanda nyuzi kumi, na petroli ni ile ile ya 93. Kama fundi alityuni gari Nairobi na hakuvuka 1.18, sehemu ya ramani ya kompyuta (jedwali lake la petroli na taimingi) kati ya 1.18 na 1.36 ni makisio matupu. Gari linatembea vizuri hadi Mtito Andei, halafu karibu na Voi, kwenye joto, nyuma ya lori unalotaka kulipita, linaanza kugonga. Kingo nyembamba kati ya ringi za pistoni ndizo hukatika kwanza.

Dawa yake ipo. Siku ya kutyuni kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) ya Nairobi, mwambie fundi apandishe busti kwa muda hadi 0.53, ili presha kamili ifike 1.36, aweke sawa petroli na taimingi kwenye eneo lile, atoe nyuzi mbili zaidi za taimingi kama akiba ya joto la pwani, kisha arudishe busti 0.35. Afanye hivyo kwa mivuto mifupi, injini ikiwa imepoa kati ya mmoja na mwingine. Fundi akikuuliza "kwa nini tupandishe kama hutatumia?", tafuta mwingine.

Mpangilio wa ununuzi uwe huu. Mwanzo kabisa lipia vipimo. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa na moto, mguu ukiwa chini kwenye pedali ya mafuta. Usiogope namba ikiwa chini ya ile ya kitabu, kwa sababu Nairobi geji itasoma chini kwa kiasi kile kile cha upungufu wa hewa. Unachotafuta ni silinda zilingane, tofauti isizidi asilimia 10. Halafu pima uvujaji kwa hewa ya kompresa: chini ya asilimia 10 ni injini nzuri, ikivuka 20 weka pesa zako kwenye injini kwanza, turbo isubiri.

Baada ya hapo nunua kompyuta inayoweza kutyuniwa, sensa ya presha ya bar 2.5 au 3, na geji ya waidibendi ya kupima mchanganyiko. Vifunge gari likiwa bado halina turbo, uendeshe wiki kadhaa. Kila tatizo la waya au sensa litajitokeza wakati halina madhara.

Petroli inapigiwa hesabu kwa Mombasa, kwa sababu huko ndiko nguvu itakuwa kubwa. Chukua farasi 280. Injini ya turbo inahitaji karibu sentimita za ujazo 6.3 kwa dakika kwa kila farasi: 280 mara 6.3 ni 1,764, gawa kwa injekta nne ni 441. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawa tena kwa 0.85, unapata 519. Nunua za 550. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha na kubaki, lakini ipe waya mpya mnene na rilei yake kutoka kwenye betri. Waya wa zamani wa miaka 25 unapoteza volti, na pampu yenye volti 11.5 haitoi kile kilichoandikwa kwenye boksi lake.

Plagi ziwe za baridi kwa hatua moja. Kwa NGK namba inapanda, 6 inakuwa 7. Kwa Denso 20 inakuwa 22. Mwanya uwe milimita 0.7 hadi 0.8, maana presha ya silinda huizima cheche ya mwanya mpana.

Kuhusu intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, usikubali kuambiwa kuwa busti ndogo haihitaji. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi uwiano wa 1.5 hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 80 na ushee. Intakula ya kati, inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa, inaishusha hadi 46. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama 93 itatosha.

Turbo ya saizi ya TD05-16G inatosha na inaamka mapema. Ukinunua iliyotumika, shika shafti uisukume na kuivuta kwa urefu: usihisi mchezo wowote wa maana. Pembeni itacheza kidogo, hilo ni la kawaida kwa beringi za bushi, lakini mabawa yasiguse ukuta. Mpira wa kurudishia oili uwe na tundu la ndani la milimita 16 hadi 19, ushuke bila kupinda kwenda juu popote, na uingie kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Oili inatoka kwenye turbo kwa uzito wake tu. Ikikuta kilima inarudi na kupita kwenye sili, na utaona moshi ukidhani turbo imekufa. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza chomoa fyuzi ya injekta, zungusha stata sekunde kumi, pumzika, rudia mara tatu au nne hadi taa ya oili izime.

Umesema hutaki kufungua injini, lakini utashauriwa kuweka hedi gasketi nene ili kushusha kompresheni. Hesabu yake ni hii: silinda yako ina sentimita za ujazo 500, chumba cha kuwakia ni kama 47.6. Kufika 10 kwa 1 unahitaji 55.5, na kwa kipenyo cha milimita 86 hiyo ni gasketi nene zaidi kwa milimita 1.4. Unene huo unaondoa mbano kati ya ukingo wa pistoni na hedi, ule unaoupiga mchanganyiko katikati uwake haraka. Unashusha kompresheni kwa mkono mmoja na kukaribisha noki kwa mwingine. Ukifikia kutaka bar 0.6 na zaidi, nunua pistoni za kufuliwa (forged) za 9 kwa 1 na konrodi zake, zile fimbo zinazoshika pistoni kwenye kranki, na ujue giaboksi ya gia sita ya Altezza nayo haipendi torki (nguvu ya kuzungusha) nyingi kwenye mizunguko ya chini. Anza kukanyaga mafuta baada ya mizunguko 3,000, si gia ya sita kwenye 1,800.

Mark X ya 2.5

*Mafundi, shikamooni. Nina Mark X ya mwaka 2007, cc 2,500. Kuna kijana ananiambia atanifungia turbo kwa wiki moja. Nikubali?* — Msomaji, Kimara, Dar es Salaam

Marahaba. Usikubali.

Injini yako ni 4GR-FSE. Kompresheni yake ni 12 kwa 1 na petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda kupitia pampu ya presha kubwa inayoendeshwa na kamshafti. Huwezi kuweka injekta kubwa kama kwenye injini za zamani, pampu ile ina kikomo chake, na kompyuta yake si rahisi kufunguliwa. Mtu wa wiki moja ataongeza injekta ya pembeni kwenye bomba la hewa, isiyojua silinda ipi inapata nini. Baadhi zitapata petroli nyingi, nyingine zitakauka, na pistoni za zile kavu zitatoboka.

Pia injini hii ina tabia ya kujenga masizi nyuma ya vali za kuingizia, kwa sababu petroli haipiti pale kuziosha. Kama gari limekuwa zito, kasafishe vali na badilisha plagi kabla ya kufikiri jambo jingine. Utapata sehemu ya nguvu unayoitafuta, kwa bei ndogo mno. Ukitaka Toyota yenye turbo kweli, tafuta Mark II ya JZX110 yenye 1JZ-GTE. Hiyo ilitoka kiwandani na kompresheni ya 9 kwa 1, ikiwa na kila kitu kilichopangwa kwa ajili ya busti.

Toyota 86 kwenye joto la Muscat

*Assalamu alaykum. Naishi Muscat, naendesha Toyota 86 ya 2013 kwenda na kurudi kazini Barka. Nimepata seti ya supachaja ya feni iliyotumika, busti bar 0.4. Rafiki anasema nichukue turbo. Joto la hapa mnalijua. Nifanyeje?* — Msomaji, Muscat

Waalaykumu ssalaam. Kwa gari hilo, kwa matumizi hayo na kwa joto hilo, tunakupa supachaja ya feni bila kusita.

Injini ya 86, ile FA20, ina kompresheni ya 12.5 kwa 1 na konrodi nyembamba. Kinachozipinda ni torki kubwa ya ghafla kwenye mizunguko ya chini, na hiyo ndiyo sifa ya turbo ndogo inayoamka mapema. Supachaja ya feni hupandisha busti kwa mraba wa mizunguko: kama inatoa 0.4 kwenye 7,000, basi kwenye 3,500 inatoa 0.1 tu. Katikati ya mji gari linabaki kama lilivyotoka dukani, na nguvu inakuja juu, mahali ambapo konrodi zinaivumilia. Tarajia farasi 250 hadi 260 kutoka 200 za kiwandani. Torki isivuke Nm 280 hivi. Ya kiwandani ni 205. Faida nyingine ni kwamba hakuna nyumba ya ekzosi nyekundu ya moto kando ya injini, na Agosti ya Muscat utaithamini hiyo kuliko farasi 20.

Joto lenyewe: hewa ya nyuzi 45 ikibanwa kwa uwiano wa 1.4 inafika 90. Intakula nzuri itaishusha hadi kama 59, na haiwezi zaidi, kwa sababu hewa inayoipoza nayo ni ya 45. Kwa hiyo taimingi lazima ifuate joto. Hakikisha ramani ya kompyuta ina jedwali la kuondoa taimingi kadiri hewa ya kuingia inavyopanda, na kwamba fundi amelijaribu mchana, si saa nne usiku. Tumia petroli ya 95, usiguse ya 91 hata siku ya kuishiwa. Ukilazimika, weka lita chache na uendeshe taratibu hadi kituo kingine.

Intakula itakaa mbele ya kondensa ya AC na rediata. Ziba kila mwanya wa pembeni kwa sponji ngumu au bati ili hewa ilazimike kupita ndani yake. Bila hivyo hewa hupita kando, AC inadhoofika na injini inapanda joto kwenye foleni. Ongeza kipoza oili chenye themostati. Oili ikivuka nyuzi 120 mara kwa mara, punguza kilomita za kubadilisha hadi 5,000.

Kwa kuwa seti imetumika, tazama mkanda. Vumbi jeusi kuzunguka puli, na busti inayopanda kisha kushuka mizunguko ikiwa juu, ni mkanda unaoteleza. Badilisha, na ukaze tena baada ya kilomita 500. Kichwa cha supachaja nyingi za aina hii kina oili yake maalumu. Mimina oili ya injini humo na beringi zitakwisha.

La mwisho kwa gari lako: mwaka 2018 ulitangazwa wito wa kubadilisha springi za vali kwa magari haya ya miaka ya mwanzo. Peleka namba ya chesisi kwa wakala uulize kama lako limo na kama lilifanyiwa. Ukishajua, ndipo ufunge supachaja.

Impreza ya 1.5 inayotaka kuwa WRX

*Nina Subaru Impreza 1.5, manyo. Napenda mwili wake na sitaki kuliuza. Nifunge turbo kwenye injini hii au nibadilishe injini nzima?* — Msomaji, Nakuru

Badilisha nzima. Seti ya turbo juu ya injini ya 1.5 itakugharimu karibu sawa na hafkati (vipuri vya gari lililokatwa) ya WRX, Impreza yenye turbo ya kiwandani, na mwishoni utakuwa na injini dhaifu iliyobeba mzigo. EJ205, injini ya WRX ya Japani, ina kompresheni ya 9 kwa 1, na injekta, turbo, sensa na kompyuta vyake vilipangwa pamoja.

Nunua hafkati iliyo kamili: injini, giaboksi, waya wote pamoja na kompyuta yake, rediata, pampu ya petroli, krosimemba, difu ya nyuma, shafti na breki za mbele na nyuma. Wauzaji wengi hutaja injini na giaboksi tu, halafu difu unaambiwa "ile yako itaingia". Itaingia, ndiyo, na hapo ndipo pesa huteketea. Gari linavuta magurudumu yote manne; uwiano wa difu ya mbele, iliyo ndani ya giaboksi, lazima ulingane na wa nyuma. Meno 40 kwa 9 ni 4.444, meno 37 kwa 9 ni 4.111. Ukiziweka pamoja, mbele na nyuma zinashindana kila mita unayotembea, na difu ya kati inachemka hadi inafia. Dalili yake ni gari kuwa zito kukata kona polepole, kama limeshikwa breki. Usiamini mdomo: fungua kifuniko cha nyuma, hesabu meno.

Injini ikiwa bado chini, kabla haijaingia, badilisha mkanda wa taiming na tensheni na puli zake, pampu ya maji, sili za kranki na klachi. Mkanda ukikatika kwenye EJ205, pistoni zinakutana na vali. Kazi hiyo ikiwa juu ya meza ni ya mchana mmoja. Ikiwa ndani ya gari ni ya siku mbili. Kwenye baadhi ya injini za Subaru zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali) kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu. Kifungue ukitazame.

Namba ya injini mpya iandikishwe kwenye logbuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kwamba gari sasa ni la turbo. Hafkati inunuliwe na karatasi zake. Kisha pima oili kila unapojaza tangi. Hizi injini hunywa oili kimya kimya, na ikipungua lita moja kwenye kona ndefu beringi zinaachwa kavu.

Moshi, breki ngumu na vitone kwenye plagi

*Mafundi wapendwa, nina Suzuki Swift Sport ya ZC31S, ilifungwa turbo mwaka jana, busti 0.5. Mambo matatu yananisumbua: nikikaa kwenye taa muda mrefu halafu nikaondoka inatoa moshi wa bluu, pedali ya breki wakati mwingine inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mafuta sana, na fundi wa mtaani alinionyesha plagi ya silinda ya tatu yenye vitone. Naendesha Arusha–Moshi kila wiki. Niendelee?* — Dada msomaji, Njiro, Arusha

Dada, lipaki gari hadi umalize jambo la plagi, maana hayo mengine mawili yanangoja.

Chomoa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda, na uzitazame chini ya mwanga wa jua, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Kauri nyeupe inayozunguka ncha ya kati ndiyo inayosema. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawa ya maziwa nyepesi. Vitone vyeusi vilivyofifia, kama pilipili manga iliyosagwa, ni masizi yaliyobanduliwa na noki: onyo la mapema. Vitone vinavyong'aa kama fedha, vidogo kama punje za chumvi, ni aluminiamu ya pistoni yenyewe inayoyeyuka. Ukiona vya fedha, usiwashe gari tena. Pima kompresheni na uvujaji wa silinda hiyo, na pitisha kamera kwenye tundu la plagi utazame uso wa pistoni.

Kama ni vyeusi tu, tena silinda ya tatu peke yake, swali ni kwa nini ile na si nyingine. Anza na injekta yake: zote nne zipelekwe kupimwa mtiririko, na zisipishane zaidi ya asilimia 3 hivi. Ya tatu ikiwa imeziba kidogo, waidibendi haitakuonyesha, kwa sababu inasoma wastani wa silinda zote. Mchanganyiko chini ya busti uwe lamda 0.78 hadi 0.82 (chini ya 1 maana yake petroli imezidi hewa). Halafu rudi kwenye kompresheni ya injini hii, 11.1 kwa 1. Bar 0.5 ni nyingi mno kwake kwa petroli ya pampu, hata na mwinuko wa Arusha. Shusha hadi 0.3, tyuni upya. Na usinunue chupa ya kuongeza oktani ukidhani itaokoa: nyingi huandika "pointi 30", na pointi kumi ni oktani moja tu.

Moshi wa bluu baada ya kukaa taani mara nyingi ni oili isiyotoka kwenye turbo. Inama chini, fuata mpira wa kurudishia kwa kidole kutoka turbo hadi sampu. Ukikuta mahali unapanda, au umebinyika, umepata jibu. Ukiwa sawa, angalia upumuaji wa injini: busti inayovuja kupita ringi hujaza sampu kwa presha na kuizuia oili kushuka. Mpira wa kutoka kifuniko cha vali uwe na vali ya kuzuia isirudishe busti ndani, na uweke kopo la kukamata oili lenye tundu la kutosha. Kopo likijaa haraka, ringi zimechoka.

Breki ngumu ni jambo dogo lenye hatari kubwa. Buta ya breki inategemea mvuto wa hewa kutoka manifoldi, na sasa manifoldi hiyo wakati mwingine ina presha badala ya mvuto. Kati yao kuna vali ndogo ya plastiki ya njia moja, ndani ya mpira mnene. Ichomoe, puliza kwa mdomo upande wa manifoldi: hewa isipite. Upande wa buta ipite kwa urahisi. Ikipita pande zote, nunua mpya leo hii, na funga ncha zote mbili za mpira kwa klipu za chuma, kwa sababu mpira uliokuwa unavutwa tu sasa unasukumwa pia na unaweza kuchomoka. Kabla ya safari ya kwanza ya Moshi, zima injini, kanyaga breki mara mbili: kanyago zote mbili ziwe laini, na pedali ianze kuwa ngumu ya tatu au ya nne.